Miguu ya Kitenesi

"Usiwe na wasiwasi, dada. Miguu yangu hutaiona."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya yule yaya mpya, amesimama mlangoni na kifurushi chake kwapani, kabla hata ya salamu. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, vidole vimejaa mafuta. Aliposikia vile alihisi kama mtu aliyezibwa pua kwa muda mrefu akaachiwa ghafla. Akamtazama yule mwanamke: gauni refu linalofagia sakafu, na chini ya gauni zimechungulia ncha za mabuti meusi ya mpira, kama ya mtu aoshaye magari.

"Karibu," akasema. "Pita ndani."

Hakuuliza nani kamwelekeza pale. Hakuuliza alijuaje. Na alipaswa kuuliza, kwa kuwa jambo lile alilijua yeye na mumewe tu, na mumewe alikuwa safarini.

Jambo lenyewe ni kwamba msusi aliogopa miguu. Si mguu mzima. Goti halikumsumbua, wala muundi. Ni kuanzia kifundo kushuka chini: kisigino, unyayo, na kuliko vyote vidole, vilivyojipanga kama vijitu vyenye akili zao, na zile nafasi kati ya kidole na kidole. Akiuona mguu mtupu jasho lilimtoka, ulimi ukakauka, tumbo likapanda kooni. Ya kwake mwenyewe aliiosha kwa brashi ya mpini mrefu huku macho yakiwa darini. Hakujua hofu ile ilianzia wapi. Hakuwahi kukanyagwa wala kupigwa teke. Alizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na baka shingoni.

Mumewe alipoambiwa, wiki ya kwanza ya ndoa, alicheka. Kisha akavua kiatu kwa utani, akamwona mkewe anakimbilia chooni kutapika. Hakucheka tena. Kesho yake alirudi na furushi la soksi, na tangu siku ile alilala nazo, joto liwepo lisiwepo.

Wengine wote hawakujua. Nyumba nyingine wageni huvua viatu mlangoni; kwa msusi ilikuwa, "Aa, pita hivyohivyo, usivue, hapa ni kwenu!" Watu wakamsifu kwa ukarimu, naye akafagia mchanga asubuhi mpaka jioni. Hata kazi aliichagua kwa hofu hiyohiyo. Kichwa ndicho kiungo kilicho mbali kabisa na miguu.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ameanza kutembea, kichwa cha mviringo kama mpira wa tenisi. Baba yake alimwita Kitenesi, na jina likaganda. Msusi alimpenda mtoto wake. Mtu asije akafikiri vingine. Alimnyonyesha, alimbeba, alimsuka vinywele vyake vitatu. Lakini hakuwahi kumwogesha chini ya magoti. Baba alipokuwepo alimwogesha baba. Baba alipopata kazi ya kutengeneza jenereta kwenye migodi ya mbali, akawa anaondoka kwa wiki nyingi, wakamtafuta yaya.

Yaya wa kwanza alikuwa mjane wa makamo waliyemwita Bi Pole, kwa kuwa pole haikumtoka mdomoni. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Siku moja aligonga kiti kwa kiuno akakiambia kiti, "Pole." Kitenesi alimpenda kupita kiasi. Kosa la Bi Pole lilikuwa moja tu: miguu yake ilivimba, viatu vilimbana, akatembea peku nyumba nzima na magaga yake yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Msusi alimwomba avae ndala. Akavaa, akasahau, akavaa, akasahau.

Mchana mmoja msusi alisukuma mlango wa chumbani kuchukua kitana, akawakuta wamelala mkekani, bibi na mtoto, miguu yote minne imeelekea mlangoni. Alijishikilia ukutani asianguke. Hapo ndipo angesema ukweli. Angesema, Bi Pole, mimi nina ugonjwa wangu, nisaidie. Lakini mtu mzima na akili zake kuogopa miguu, nani atamwelewa? Aibu ikamshinda. Alichukua chupa ya mafuta ya nywele, akaificha ndani ya sanduku lake mwenyewe, akatoka sebuleni, na mbele ya wateja akauliza yako wapi mafuta yake.

Bi Pole alifungua mkoba wake mwenyewe, akautikisa juu ya meza. Hakikuanguka kitu ila leso na ufunguo.

"Basi umeshayauza," msusi akasema.

Bi Pole aliurudisha ufunguo mkobani. "Pole, mwanangu," akasema taratibu, "kama kuna kilichokupotea." Akaondoka.

Usiku ule msusi hakulala. Na asubuhi yake, kabla hajamwambia mtu kwamba anatafuta yaya, ndipo aliposimama mlangoni yule mwanamke wa mabuti.

Wateja walimbandika jina la Dada Buti, naye hakulikataa. Kazi aliijua. Nyumba iling'aa, chakula hakikuungua, Kitenesi hakulia. Mchana, jua linapokuwa la utosini na mji mzima umejikunja kivulini, Dada Buti alimchukua mtoto uani nyuma ya nyumba, akafunga mlango, akamwosha. Msusi akiwa sebuleni na kichwa cha mtu mikononi alisikia maji yakimwagika kwenye beseni, na sauti ya Dada Buti ikiimba wimbo usio na maneno, halafu mabusu, madogomadogo, mengi, na Kitenesi akiangua kicheko kama mtoto anayetekenywa. Alijua ni nini kinachobusiwa. Moyo ulimchoma kwa wivu, na papo hapo ukashukuru kwamba si yeye.

Kulikuwa na harufu. Msusi aliisikia tangu wiki ya kwanza, harufu ya nywele zilizoungua. Lakini yeye mwenyewe huchoma ncha za rasta kwa kiberiti kutwa, angeitofautisha vipi?

Na kulikuwa na mlio.

"Yaya wako anavaa viatu vya kisigino?" mteja mmoja alimuuliza, amesikia kok, kok, kok, kutoka ukumbini.

"Wapi! Mabuti ya mpira yale."

"Mpira ndio unalia hivyo?"

Wakacheka wote, na msusi akacheka nao. Katika nyumba ambayo kila mtu anatembea na viatu, nani atahesabu mlio wa kiatu kimoja?

Kitenesi ndiye aliyebadilika. Alianza kwa kuanguka. Mtoto aliyekuwa anakimbia mpaka anagonga mlango akawa anasimama, anayumba, anakaa chini na kushangaa. Baadaye akaacha kusimama kabisa, akarudi kutambaa.

"Watoto hurudi nyuma, dada," Dada Buti akasema kwa upole. "Ni kawaida. Atatembea tu."

Muda wote mtoto alikuwa amevishwa soksi nene za sufu, hata joto la mchana. Msusi akimbeba alihisi sehemu ile ya chini ni nzito na ya baridi, inagonga paja lake kama kijiwe kilichofungwa ndani ya kitambaa. Siku moja akiwa peke yake naye alipeleka mkono kwenye ukingo wa soksi. Atavua, ataangalia mara moja tu, basi. Mkono ukakauka. Kichefuchefu kikampanda. Akasema, kesho. Na kesho yake akasema kesho.

Wakati huohuo mlio wa uani nao ukabadilika. Haukuwa tena kok, kok. Ulikuwa kok, kisha kitu laini, chenye unyevu, kama kiganja kidogo kinachopigwa juu ya saruji. Kok, pwa. Kok, pwa. Msusi akainamia kichwa kilichokuwa mbele yake, akasuka kwa nguvu mpaka mteja akalalamika.

Mchana mmoja, sebule imejaa, mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo akaingia Bi Pole, peku, kifua kinapanda na kushuka. Msusi akainua macho juu haraka.

"Mwanangu, toka nje. Njoo, tafadhali."

"Bi Pole, nina mteja."

Bi Pole akamsogelea, akamnong'oneza, lakini hofu ilikuwa imemharibia mnong'ono na kila mtu alisikia. "Nilipita uchochoroni nimwone mtoto, nimemkumbuka. Nikachungulia kwenye ufa wa geti. Yule uliyemweka si mtu."

"Unasema nini?"

"Kavua mabuti. Mguu mmoja ni kwato." Akashika meza. "Na mwingine, mwanangu... mwingine ni wa Kitenesi. Mguu wa mtoto mdogo, na vidole vyake vile vinene ninavyovijua, umeota kwenye muundi wa mtu mzima. Anaukanyagia. Anajifunza kutembea nao."

Kisha mteja mmoja akasema kutoka kwenye benchi, "Si huyu ndiye yule wa mafuta?" Mwingine akaguna. Kicheko kidogo kikazunguka chumba.

Wote wakamgeukia msusi. Naye alijua. Tangu amfahamu Bi Pole hajapata kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu. Lakini kusema namwamini ilikuwa sawa na kufungua lile sanduku na kuitoa chupa mbele yao wote.

"Nenda nyumbani, Bi Pole," akasema, macho kwenye kioo. "Usije kunichafulia kazi."

Bi Pole akarudi kinyumenyume mpaka nje. Msusi alipogeuka kuchukua uzi, Dada Buti alikuwa amesimama nyuma ya pazia la ukumbini, mtoto mikononi, karibu kiasi kwamba harufu ya kuungua ilimjaa puani.

"Asante, dada," akanong'ona.

Mumewe alirudi siku chache baadaye, amechakaa kwa vumbi na hamu. Alimrusha Kitenesi juu kama kawaida yake, akamdaka, na uso wake ukabadilika.

"Mbona mzito hivi huku chini?" Akakaa. "Ngoja nimwogeshe mwenyewe."

"Nimeshamwosha, baba," Dada Buti akasema kutoka jikoni.

Baba mtu alikuwa ameshavuta soksi ya kwanza. Msusi akageukia ukuta. Akamsikia mumewe, mwanamume aliyewahi kukatwa na feni ya injini asitoe sauti, akilia kama mtu aliyeitwa jina na maiti.

"Mama Kitenesi. Hebu tazama."

"Siwezi."

"Tazama mtoto wako!"

Akatazama kwa jicho la pembeni, kiasi tu cha kuona. Vidole vya Kitenesi havikuwepo tena kama vidole. Vilikuwa vimeshikana, vitatu huku na viwili huku, ngozi imekauka na kuwa ya kijivu, na kucha zimeungana kuwa gamba jeusi gumu. Miguu yote miwili. Wa kushoto ulikuwa umekaribia kumalizika.

Walimkimbiza hospitali. Daktari aliigeuza ile miguu, akamwita mwenzake, wakaagiza picha, wakawaambia warudi majibu yatakapotoka. Waliporudi nyumbani meza ilikuwa imeandaliwa, sahani tatu, na Dada Buti anapanga vijiko.

"Toka kwangu," baba mtu akamwambia.

"Nitatoka, baba. Nitatoka na changu. Kimebaki kidogo tu."

Baba mtu alimshika mkono amburute, akauachia mara moja. Baadaye alisema ule mkono ulikuwa kama shati lililotundikwa kwenye kamba: limejaa upepo, ndani hakuna mtu.

Mganga waliyemleta aliitwa Mzee Miwani, kwa sababu ya vioo vyake vinene kama vitako vya chupa. Alikuja asubuhi ya pili, akaomba radio izimwe, akaomba na chai, asiinywe. Aliishika miguu ya mtoto bila haraka. Kutoka jikoni vyombo vilikuwa vinaoshwa kama kawaida.

"Huyu hakuiba," akasema mwishowe. "Angeiba, ningemfukuza mimi kabla chai haijapoa. Huyu alipewa. Aliyepewa hafukuzwi na mgeni. Anayemnyang'anya ni yule aliyempa." Akainua miwani akaifuta. "Nani kati yenu alisema hataki miguu ya huyu mtoto?"

"Nani aseme maneno kama hayo, mzee?" baba mtu akang'aka. Kisha akamtazama mkewe.

Msusi akakaa sakafuni.

"Siku aliyozaliwa," akasema. "Mkunga alimweka kifuani kwangu, kageuzwa kichwa chini, nyayo zikanigusa kidevu. Bado zimelowa. Nikageuza uso. Nikasema..." Akameza mate. "Nikasema, laiti hii angeichukua anayeitaka. Sikufikiri kuna anayesikia. Mkunga alikuwa ameinama. Ilikuwa mchana, jua la utosi, dirisha liko wazi."

Mumewe alishusha macho, na msusi akaona ni bora angepigwa.

"Beseni," Mzee Miwani akasema. "Maji ya vuguvugu na chumvi. Utaiosha wewe, kwa mikono mitupu, na utaitazama. Ukigeuza uso hata mara moja, umempa tena."

Wakaenda uani. Baba alimpakata mtoto juu ya kigoda. Msusi akapiga magoti, beseni mbele yake, akaishika miguu ile, na mwili wake wote ukakataa. Mgongo ukamwaga jasho la baridi, masikio yakavuma. Ilikuwa migumu na ya baridi kama jiwe la mtoni. Mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yake, ikaja ile hatua, pwa, pwa, pwa, laini, miguu miwili sasa, hatua fupifupi za mtoto anayejifunza kutembea, zimebeba uzito wa mtu mzima.

"Dada," sauti ikasema juu ya bega lake, ya upole, yenye huruma hasa. "Usijisumbue. Utatapika. Wewe hii huiwezi, na si kosa lako. Niachie mimi. Mimi naipenda."

"Niache."

"Nimeibusu kila siku. Wewe umeibusu lini?"

Jibu lilikuwa moja na wote pale walilijua, na hapo machozi yakaanza kumtiririka msusi na kuingia kwenye beseni, akaingiza ncha ya kidole chake cha shahada palepale pabaya, kwenye mstari uliobaki ambapo kidole cha mtoto kilikuwa kimeungana na mwenzake, akasukuma, na ngozi ikakataa, akasukuma tena huku matapishi yakimpanda na akiyameza, akisema kwa sauti isiyokuwa yake, "Ni yangu, ni ya mwanangu, nimeichukua, nimeichukua, nilikosa, nimeichukua," mpaka kitu kikaachia kwa mlio mdogo kama wa ganda la karanga, kidole kikatoka, chekundu, cha moto, kikacheza, na nyuma yake yule akapiga kelele fupi ya maumivu na hatua yake ya laini ikawa na ugumu ndani yake, naye msusi hakugeuka, akaenda kwenye kidole cha pili na cha tatu, akihisi pumzi yenye harufu ya nywele zilizoungua ikimpiga shingoni na midomo ikimnong'oneza sikioni kwamba imetosha, mmoja mmoja, tugawane, wewe chukua wa kulia niachie wa kushoto, nitaulea, nitaupaka mafuta, hutauona kamwe, na kila kidole kilipofunguka ile pwa ilizidi kuwa kok, mpaka Kitenesi akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye maumivu na uhai, na baba yake akawa analia naye, na Mzee Miwani amesimama kwenye kona anasema, "Usigeuke, mama, usigeuke, kimebaki kimoja."

Hicho kimoja hakikufunguka. Kilikuwa cha mwisho cha mguu wa kushoto, kimegandana na jirani yake. Alisukuma mpaka kucha yake ikavunjika na maji yakawa mekundu, lakini viliachia nusu tu. Halafu akasikia kok, kok, kok, ikipita pembeni yake, polepole, ikiingia jikoni, ukumbini, sebuleni, na ikatoka kwa mlango wa mbele. Haukuwa mwendo wa kitu kilichoshindwa na kukasirika. Yule alikuwa analia. Alilia kama anavyolia mama aliyefiwa, na msusi, magoti yake kwenye maji, alimwonea huruma, na akajichukia kwa huruma ile.

"Ameondoka," Mzee Miwani akasema. Akatazama mguu wa kushoto, akatikisa kichwa.

Kitenesi alirudi kutembea. Anachechemea kidogo, hasa kukiwa na baridi, na watu wanaoona vile vidole viwili vilivyoshikana husema amezaliwa hivyo, wapo wengi. Mama yake hawasahihishi.

Jambo moja alilisahihisha. Aliichukua ile chupa ya mafuta, akangoja sebule ijae wateja, akaiweka juu ya meza na kuwaambia ni nani aliyeificha, na kwa nini. Kisha akaenda kwa Bi Pole, akasimama mlangoni. Bi Pole alitoka peku. Safari hii msusi hakuinua macho juu. Aliitazama ile miguu iliyovimba, magaga yake yote, huku jasho likimtoka, akaomba msamaha.

Bi Pole alisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Anatembea."

"Nimefurahi." Akashika ubao wa mlango. "Msamaha nimekupa, mwanangu. Kurudi sitarudi." Na akafunga mlango bila kumwambia pole.

Hofu haikumtoka. Watu hudhani mambo kama haya yakipita humponya mtu, hayamponyi. Msusi huogopa miguu mpaka leo. Lakini kila mchana, jua likiwa la utosini, huacha kichwa alichonacho, mteja angoje, akaenda uani na beseni. Huiosha miguu ya mwanawe kwa mikono mitupu, kidole baada ya kidole, huibusu midomo ikitetemeka. Siku nyingine hutapika baadaye, akiwa peke yake. Kitenesi ameshakuwa msemaji. Siku moja alimuuliza, "Mama, mbona ukiniosha unalia?"

"Maji yameniingia machoni."

Mtoto akachezesha vidole majini. "Yule mwingine alikuwa anaimba," akasema.

Mwezi uliopita kulikuwa na bibi harusi. Kichwa chake kilikuwa kigumu, nywele nyingi, ndugu zake wamejazana wanaharakisha. Jua likafika utosini, msusi akaliona dirishani. Akajiambia, nimalize mstari huu. Akaumaliza, akajiambia, na huu. Na ndani kabisa, pale ambapo mtu hawezi kujidanganya, alijua si bibi harusi aliyemchelewesha. Alikuwa amefurahi kupata kisingizio.

Alipokwenda na beseni, Kitenesi alikuwa amelala mkekani uani, amejifunika shuka mpaka kidevuni, miguu ameitoa nje, imeelekea geti. Anatabasamu usingizini. Msusi akachuchumaa, akainyoosha mikono, na mikono ikasimama hewani.

Miguu ilikuwa imeshaoshwa. Maji yalikuwa bado kati ya vidole, na juu yake mafuta, yamepakwa vizuri, kwa mkono wenye mapenzi.

Hakupiga kelele. Mteja alikuwa anamwita sebuleni. Alikaa chini, akaishika ile miguu miwili akaipakata, wa kulia wa moto, wa kushoto umeanza kupoa, akaiosha tena upya, na tena, mpaka maji ya beseni yakawa baridi, na bibi harusi na ndugu zake wakachoka kungoja wakaondoka.